Kaburi Langu Liwe Ng'ambo Ipi

Sogeeni wanangu, wewe Sudi, wewe Mwanahawa, na wewe Fadhili mwenye ardhi hii, usikae mlangoni kama mgeni, hapa mgeni ni mimi. Niinueni mgongo kidogo. Sikilizeni na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya akiba.

Nimewasikia mkinong'ona huko uani. Mnadhani mgonjwa hana masikio? Sudi anataka nikifa nivushwe Ruvuma, nikazikwe Msumbiji alikolala mama yangu, ili kaburi langu lishike mashamba tuliyoyaacha tulipokimbia vita. Mwanahawa anataka nilale hapa hapa, kwa kuwa kaolewa hapa na wanawe hawajui kwingine. Mnagombania maiti na mwenyewe yu hai! Lakini sikasiriki, hata mimi jambo hilo nimelichungulia siku nyingi kama mtoto achunguliaye chungu jikoni.

Mnanijua kwa udadisi. Siku tunavuka, watu wanalia ndani ya mtumbwi, mimi namwuliza mpiga kafi mbona maji ya hapa yana chumvi na ya juu kidogo ni matamu. Akanifokea, "Mama, inama, tutapigwa risasi!" Nikainama, lakini swali sikuliacha, na jibu nimelipatia huku, kwamba maji yakijaa, bahari hupanda mtoni.

Tukapokewa na mzee Ismaili, baba yake Fadhili, Mungu amrehemu. Akatupa ardhi kwa sharti ambalo kila mtu wa huku analijua: "Limeni mihogo, limeni mbaazi, ila mti msipande." Mhogo waung'oa ukaenda zako, apandaye mkorosho kasema hatoki. Basi korosho moja ikajiotea yenyewe jalalani. Ningeung'oa ule mche, lakini, wanangu, nilitaka kuona mzee atafanyaje! Akaja, akautazama, akageuka akaenda zake. Nikasema leo tumefukuzwa. Kesho yake akarudi na miiba, akauzungushia mbuzi wasiule. Nililia siku ile kuliko siku ya kukimbia. Mkorosho huo ni wako, Mwanahawa, pamoja na shamba la mihogo. Na wale waliokuwa wakituita wakimbizi pale kisimani, leo wanakula mabibo yake. Nimewasamehe, nanyi wasameheni, hasira hasara.

Sudi, vita imekwisha, nenda, sikuzuii. Kinu changu chukua, kilitoka huko. Katazame kama nyumba ya mjomba ipo, kama kisima chetu kina maji, na nani analima pale kwetu; ukimkuta mtu, usianze na panga, anza na salamu. Mwacha asili ni mtumwa, kweli, lakini asili haidaiwi kwa maiti ya mama. Ukitaka mashamba, nenda ukayalime. Mimi msinipitishe mtoni tena, nimeshavuka.

Ila kulala hapa si kwa kutaka kwangu tu. Mti aliukubali Ismaili; kaburi ni jambo jingine, na Ismaili hayupo. Kwa mila ya hapa mwenye ardhi ndiye apigaye jembe la kwanza, ndipo wengine wachimbe. Akilipiga, aliyezikwa ni mtu wao, na wanawe ni wenyeji. Asipolipiga, mmeazima shimo tu. Basi msiiguse ardhi kabla ya Fadhili. Akikataa, msimlaumu, nivusheni kama atakavyo Sudi, na Mwanahawa asitie neno.

Fadhili, baba, sikulazimishi. Nauliza tu, maana nitakwendaje na swali hili kifuani? Utalipiga jembe hilo?

Nani huyo katoka? Mwanahawa, macho yangu yana ukungu, niambie, Fadhili kaenda wapi? Kafuata nini?

Jembe? Lo! Na mimi bado nahema!

Mwambieni... asubiri kidogo, ana haraka kuliko mwenye safari... Msinichekeshe, kifua kinauma. Sudi, mshike dada yako mkono. Hivyo. Mto usiwatenge. Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape na watoto... wenye kuuliza. Nilazeni sasa, mnisomee.

Mwiteni Fadhili, nimshike mkono... kisha aende akachimbe.