Nyundo ya Fundi Taratibu

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka fundi vioo wa mtaa wa maduka, aliyezikwa wiki hii. Wenzake walimwita Taratibu, maana hata kikombe cha chai alikishika kama kitamvunjikia mkononi. Wengi wenu mnaijua sura yake. Ila namna mlivyoijua, hapo ndipo penye shaka.

Taratibu alikuwa fundi vioo. Ukivunjikiwa dirisha, unamwita. Kabla ya kuweka kioo kipya, anafunga kitambaa kwenye nyundo, kisha anagonga mabaki yote yaliyong'ang'ania kwenye fremu. Usipoyatoa, kioo kipya hakikai. Kila fundi vioo hufanya hivyo.

Sasa sikilizeni. Bei ya maji ilipopanda, watu waliandamana. Taratibu naye aliandamana, asubuhi, kwa amani, yeye na mkewe. Mchana mawe yakarushwa. Nani aliyarusha? Mpaka leo hatujaambiwa. Dirisha la duka la viatu likavunjika, na mwenye duka akampigia simu: "Fundi, njoo upesi, wataniibia kila kitu!" Fundi akaenda, akafunga kitambaa chake, akaanza kugonga. Mwenye duka alisimama pembeni yake na ufagio.

Jioni televisheni ikaonyesha mtu akipiga nyundo dirisha la duka. Mwenye duka hayumo. Ufagio haumo. Chini pameandikwa kwa rangi nyekundu: "Waandamanaji wavamia maduka." Mkewe anasimulia: "Nikamwambia, baba watoto, mbona huyu ni wewe? Akacheka. Akasema watarekebisha tu."

Hawakurekebisha. Picha ile ilirudiwa asubuhi, mchana na jioni, na kila iliporudiwa ilikuwa fupi zaidi, mpaka ikabaki nyundo na mkono. Kukosea mara moja, sawa, binadamu hukosea. Lakini kukosea huku unapunguza kila siku? Mkewe anasema hapo palikuwa na mkono wa mtu, nami sina la kumpinga.

Taratibu akakamatwa. Mwenye duka akaenda polisi kueleza, akaambiwa njoo kesho, akaenda tena, akaambiwa njoo kesho. Mwishowe fundi aliachiwa bila shtaka lolote. Narudia: bila shtaka lolote. Televisheni ikanyamaza kimya. Ila bungeni picha ile ilionyeshwa, na sheria ikapita: hakuna kundi kutembea barabarani bila kibali cha polisi.

Taratibu akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda mwenyewe kwa watu wa televisheni kuomba waonyeshe picha yote, tangu mwanzo. Akarudi nyumbani kichwa chini.

"Wanasema imefutika," akamwambia mkewe.

"Na wewe umeamini?"

"Mama watoto, hata aliyeniambia hakuamini."

Tangu hapo waliomwita kazini walisimama nyuma yake wakimchunga mikono. Inauma, jamani. Mtu aliyewafungia madirisha miaka yote!

Kisha akaugua, akatutoka. Siku ya mazishi jeneza lilitoka nyumbani, ndugu na majirani wakilifuata kwa miguu. Walipofika barabara kuu, gari la polisi likawazuia. Kibali kiko wapi? Hawakuwa nacho.

"Afande, tunamzika baba," binti yake akasema.

"Sheria haikusamehe mazishi, dada."

Wakaruhusiwa wabeba jeneza, mjane na binti. Sisi wengine tulirudishwa. Kamera ilikuwepo, bila shaka. Jioni tukaambiwa: "Polisi wazima mkusanyiko haramu."

Mama, na wewe binti, na ndugu wote, poleni sana. Tulitaka kufika naye mpaka kaburini. Na wewe mpendwa unayenisikiliza, labda ulipoona nyundo ile ulisema sheria ipite, wahuni wakomeshwe. Ilipita. Hebu kaa ufikiri, siku yako ikifika, ni nani ataruhusiwa kukusindikiza.