Mapafu na Kabureta ya Midomo Minne

Wasikilizaji wapendwa, nyamazisheni watoto, redio iacheni iseme. Leo tunamkumbuka Fundi Mapafu. Fundi Mapafu, mtengenezaji wa kabureta, aliyefariki wiki iliyopita usingizini, nyumbani kwake, kitandani kwake. Nasema kitandani kwake kwa sababu wapo wanaopita mitaani wakisema alikufa ameshika usukani. Waongo hao.

Marafiki zake, wale wa pale panapooshwa magari, wameniandikia maneno ya kusoma. Wanataka niseme marehemu alikuwa bingwa, gari lake lilikuwa simba, na hatatokea mwingine. Karatasi yao nimeikunja, nimeiweka chini ya mguu wa meza hii. Ilikuwa inacheza, sasa imetulia.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nitasema ninayoyajua.

Jina la Mapafu alijipa mwenyewe. Alikuwa akisema injini ni kifua na kabureta ndiyo mapafu. Kwa wasiojua, kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ikiwa kubwa mno, hewa inapita kivivu, petroli haichanganyiki vizuri, na gari linakohoa kila ukikanyaga mafuta. Ndani yake mna choki. Choki ni kijimlango cha kubana hewa asubuhi injini ikiwa baridi, ili petroli izidi na moto ushike. Ipo choki ya kuvuta kwa mkono, kwa waya. Ipo ya umeme, inayojifungua yenyewe injini ikipata joto. Mimi ni mtangazaji tu, wasikilizaji wapendwa. Haya nimejifunza nikisukuma.

Kazini alikuwa na akili, hilo nampa. Kijana akija gereji na gari la kuzungukia mjini, anataka kabureta ya mashindano, Mapafu alimtazama juu mpaka chini akamuuliza, "Unashindana na nani, na foleni?" Kisha alimfungia kabureta inayolingana na injini yake, yenye choki ya umeme. Mteja anayeishi kwenye baridi kali alimwekea choki ya waya, aivute na kuirudisha mwenyewe kadiri injini inavyotaka. Hakuwa akikosea. Magari ya watu yaliondoka kwake yanaunguruma vizuri.

Gari lake mwenyewe je? Gari lake alilifungia kabureta ya midomo minne, domo kubwa la kumezea njia ya mashindano, juu ya injini ya kwendea sokoni. Na choki akaing'oa kabisa. Eti kijimlango kinazuia hewa. Mtaniambia mganga hajigangi. Huyu aliijua dawa, akakataa kuinywa kwa sababu haikuwa na chupa ya kuonyesha watu.

Watu wenyewe ni hao wa Jumapili. Kila Jumapili mchana alilipeleka gari panapooshwa magari, akainua boneti, na wanaume wazima wakaizunguka kabureta ile mikono nyuma, kama waliokuja kumwona mtoto mchanga. Wakatikisa vichwa. Wakasema, "Hii sasa ndiyo kabureta." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza gari linawakaje asubuhi.

Asubuhi nilikuwepo mimi. Mkewe ni mkunga, na zamu yake huanza mapema, baridi ikiwa bado imekaa juu ya mabati. Gari haliwaki. Starta inalia, betri inachoka, harufu ya petroli inaingia mpaka chumbani kwangu. Halafu hodi. "Shemeji, njoo utupe mkono." Nimelisukuma gari lile nikiwa na gauni la kulalia na kandambili, na bingwa amekaa kwenye usukani akiniambia nisukume kwa moyo.

Mkewe akachelewa kazini. Akachelewa tena. Msimamizi wa wodi akamwambia wazi kwamba akichelewa mara nyingine atatolewa wodi ya wazazi, apelekwe stoo akahesabu mashuka. Huyu ni mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa wetu. Kazi ile ndiyo roho yake. Akamwomba mumewe kitu kimoja tu: kabureta ndogo, yenye choki ya kuvuta kwa mkono. Kitu ambacho Mapafu angemfungia mteja yeyote kabla ya chai ya saa nne.

Mapafu akajibu, "Watu watanionaje?"

Narudia kwa waliokuwa wakitafuta miwani. Mke anapoteza kazi, na mume anauliza watu watamwonaje.

Mkunga ana mdogo wake wa kiume, fundi wa matrekta. Mapafu alimdharau, akimwita mchokoa matope. Basi siku moja Mapafu alisafiri kwenda kutafuta vipuri, na mkunga akamwita huyo mdogo wake. Alikuja na spana zake, akaifungua midomo minne, akakata bamba la chuma la kuiketisha kabureta ndogo, na waya wa choki akaupitisha mpaka chini ya dashibodi. Domo kubwa likaingia kwenye gunia, gunia likaingia uvunguni. Mapafu alirudi amechoka, akalala, gari hakuligusa.

Alfajiri kifua kikambana. Mkewe akamkokota mpaka kwenye gari. Nilisikia vishindo nikavaa kandambili, nikatoka mbio tayari kusukuma. Akavuta choki. Akazungusha ufunguo mara moja. Likawaka.

Na Mapafu, mkono kifuani, jasho linamtiririka, roho iko kooni, akasema, "Nani amegusa gari langu?"

Hakusema nakufa. Hakusema mke wangu. Daktari wa zamu alituambia baadaye kwamba wangekawia kidogo tu, wangeleta maiti.

Alipona, kisha akanuna. Kwa mwezi mzima aliongea na mkewe kupitia kwa binti yao. Wamekaa meza moja, anamwambia binti, "Mwambie mama yako anisogezee chumvi." Lakini kabureta ndogo hakuing'oa. Wala Jumapili hakuacha kwenda. Alikwenda na boneti limefungwa, akisema kufuli yake imeharibika. Na wale wanaume wazima wakalizunguka boneti lililofungwa, mikono nyuma, wakatikisa vichwa vilevile. "Hii sasa ndiyo kabureta." Hao ndio wanaotaka kunifundisha nimwelezeje marehemu.

Juzi nilikwenda kwa mjane kumsomea maneno yao. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, na mimi naishi ukuta kwa ukuta.

"Alikuwa anaamka kabla yangu, jirani. Nikitoka, nakuta injini ina joto na kiti kimerudishwa nyuma kabisa. Mimi mfupi, wajua. Anavuta choki, anapasha gari moto, anairudisha, halafu anakuja kitandani anajifanya anakoroma. Kukoroma kwake kwa kweli nakujua. Hakusema, nami sikusema. Nilikuwa navuta kiti mbele, naenda zangu kazini."

Aliniambia ilikuwa hivyo kila siku ya zamu, tangu alipotoka hospitali mpaka wiki aliyokufa.

Wasikilizaji wapendwa, nimejaribu kumdharau hata kwa hilo. Mwanamume mzima ananyata gizani kumtendea mkewe wema, kama mwizi wa kuku, asije akaonekana ana akili. Nimejaribu, nimeshindwa. Nililia pale pale sebuleni kwa mjane, na yeye ndiye aliyenibembeleza mimi.

Rambirambi zetu ziende kwa mjane, mkunga wetu, ambaye bado yuko wodi ya wazazi. Ziende kwa binti, aliyebeba salamu za chumvi mwezi mzima. Ziende kwa fundi wa matrekta, ambaye shemeji yake hakuwahi kumwambia asante. Nanyi wa Jumapili, poleni pia. Mlimpenda kwa namna yenu, ingawa namna yenyewe ni ya kijinga.

Tutafakari basi. Wewe unayejua jibu sahihi na kuwapa wageni, nyumbani kwako unalificha kwa ajili ya nani? Na kama umeshabadilika, unamficha nani, wakati anayestahili kukushukuru analala ubavuni mwako?

Leo asubuhi mkunga amerudi kazini kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilikuwa mlangoni kwangu. Injini ilikuwa baridi, na kiti kilikuwa mbele, palepale alipokiacha yeye. Alikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuvuta choki.