Spika Zisizimwe

Ndugu waombolezaji, majirani, viongozi wa halmashauri mliokaa safu ya mbele na ninyi mliosimama kule barabarani, mimi ndiye dada yake marehemu niliyemfuata kuzaliwa, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, na kabla sijaanza namwomba fundi wa spika asiguse swichi mpaka mimi mwenyewe niseme nimemaliza, kwa kuwa hayo ni maagizo ya marehemu na sababu yake mtaisikia. Familia imeiogopa siku hii kwa miaka mingi, si kwa ajili ya kifo peke yake, bali kwa sababu tulijua tukifika sehemu ya kazi zake itabidi msomaji ajikohoze na kuruka mistari, na leo nashusha pumzi kuwaambia kwamba hatutaruka kitu.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa mchomeleaji wa mabehewa, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule. Kwa kuwa karakana ilipiga kelele mchana kutwa, nyumbani kwetu kila mtu alisema kwa kupayuka, isipokuwa yeye, aliyesema polepole akatulazimisha sote kunyamaza ili tumsikie, ujanja alioutumia mpaka uzeeni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959 katika shule ya msingi iliyo mkabala na kituo cha reli, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili mwaka 1967, tusimwongezee vyeti leo kwa kuwa hayupo wa kukanusha, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu ufundi wa redio mwezi Novemba 1969. Hapo nyuma alikuwa ameshaifungua redio ya baba bila ruhusa na kuifunga tena, skrubu zikabaki mkononi, lakini redio ikaimba, baba akakosa la kumchapia.

Mwaka 1971 alifungua karakana yake katika baraza ya soko, ikitazamana na eneo la bomba, pale ambapo akina mama huchota maji na kuuza mboga mpaka leo, na ni hapo alipompata wifi yangu, wakati huo mwalimu kijana wa hesabu, aliyeleta redio yenye tatizo la betri tu, ikakaa kwa fundi wiki baada ya wiki, kila akija anaambiwa kuna kifaa kinasubiriwa. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1978, kijana mwaka 1981 na kitindamimba wao, binti pia, mwaka 1988, na hadi mauti yanamkuta marehemu, wifi yangu alikuwa bado anakiuliza hicho kifaa.

Alichaguliwa kuwa diwani mwaka 2005, na mwaka 2010 madiwani wenzake wakamfanya mwenyekiti wa halmashauri. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufunga spika kwenye ukuta wa nje wa ukumbi, zikielekea sokoni, ili yeyote anayepanga nyanya au kusubiri ndoo ijae asikie wawakilishi wake wanasema nini, na watu walilipenda jambo hilo kuliko hotuba yoyote. Lakini kila kikao humalizika na ajenda ya mengineyo, na miezi ile ya mwanzo mengineyo yalikuwa rambirambi, malalamiko ya chai kupoa, na diwani mmoja aliyesikika na soko zima akikoroma, soko likacheka mpaka jioni, basi kaka yangu, kwa kuwaonea haya wenzake, akaagiza kwamba mwenyekiti akitamka mengineyo, fundi wa ukumbi azime spika. Ikawa desturi, swichi inalia kidogo, kimya kinashuka, akina mama wa bomba wanaambiana kwamba wakubwa wameenda kula, na hakuna aliyewaza kwamba kaka yangu ameuacha mlango wa uani bila komeo.

Siku ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2013, kikao kilikuwa kirefu, kesho yake kitindamimba anaolewa, suti ya baba wa bibi harusi imetundikwa kwenye mlango wa ofisi, na wifi yangu amepiga simu tangu saa sita akiuliza viti. Mengineyo yakatamkwa, spika zikazimwa, akasimama diwani mmoja akasema ana kajambo kadogo kuhusu uendelezaji wa eneo la bomba, wajumbe wamekwisha kushika mikoba yao, marehemu akagonga meza, akasema limepita, akafunga kikao, akaenda harusini akacheza vizuri sana. Hakuuliza kinachoendelezwa ni nini, wala ni nani anayeendeleza.

Mwezi uliofuata mabati yalizungushwa pale bombani, akina mama wakaambiwa wahamishe biashara kwa kuwa eneo lina mwenyewe, na msingi wa jengo ukaanza kuchimbwa. Katika kikao kilichofuata muuza mboga tunayemwita Mama Nyanya, yupo hapa, aliinuka kwenye benchi la wananchi, akauliza swali ambalo watu wa mji huu wamelishika kwa moyo, "Mwenyekiti, sisi tunawasikiliza kuanzia salamu hadi mwisho. Hili mlilipitisha tukiwa wapi?"

Madiwani wenzake marehemu walikuwa na majibu tayari, wapo waliomnong'oneza aseme suala linafanyiwa kazi, wapo waliotaka asingizie kupotoshwa, na nitasema bila kumung'unya maneno kwamba mmoja wa waliomshauri anyamaze nilikuwa mimi, wala sijutii, nilimpenda kuliko nilivyoupenda ukweli. Yeye aliivuta maiki karibu, akahakikisha taa yake inawaka, akasema kwa ile sauti yake ya polepole, "Nililipitisha mimi, kwenye mengineyo, spika zimezimwa kwa agizo langu. Sikuuliza ni nini. Nilikuwa na haraka ya harusi." Sokoni mizani zilisimama, na wiki hiyohiyo alijiuzulu uenyekiti na udiwani, akajitolea kuwa shahidi katika kesi ambayo akina mama waliifungua kusimamisha ujenzi na kuurudisha uwanja wao.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, na familia haitaipaka rangi. Mji mzima ulisema amekula, na mimi niliyekuwa nikila naye kila Jumapili najua alichokuwa akikila, lakini nani angeniamini. Mitaani alibandikwa jina la Mengineyo, wifi yangu akaingia darasani akakuta ubaoni ameandikwa Mama Mengineyo, akamsahihishia mwandishi herufi iliyokosewa na kuendelea na somo la sehemu, na kitindamimba wetu alikaa mwaka mzima bila kumsalimu baba yake, akilia kwamba harusi yake imefanywa kisingizio cha mji. Marehemu alirudi karakana kwake, akatengeneza redio akiyatazama yale mabati, na kila kikao cha halmashauri alikwenda akaketi kwenye benchi la wananchi, kabla mengineyo hayajatamkwa anasimama kuomba spika zisizimwe, anajibiwa kwamba hilo si suala la ajenda, linasubiri mengineyo, na mengineyo yakifika spika zimezimwa. Alituhadithia hayo akicheka, ila wifi yangu anajua jinsi alivyokuwa akirudi na kukaa kitandani na viatu.

Mwezi Februari 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara kadhaa katika hospitali ya mji, na kuanzia Mei mwaka huu wa 2024 hakuweza tena kutembea hadi ukumbini, tukamhamishia kitanda kwenye chumba cha dirisha linaloelekea sokoni, ambako spika husikika vizuri upepo ukiwa umetulia. Mwezi Julai mahakama ilitoa hukumu, ikasema uamuzi ule ulikuwa batili kwa kuwa haukuwa kwenye ajenda na wananchi walinyimwa nafasi ya kuusikia, na ikasema pia, tunanukuu kwa furaha, kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa mwenyekiti wa wakati huo alipokea chochote kutoka kwa yeyote. Lililobaki lilikuwa halmashauri yenyewe kuamua kama itakata rufaa, na kaka yangu alisema daktari asimwongezee dawa ya usingizi mpaka kikao hicho kipite.

Kikao kilifanyika tarehe 14 Agosti, tukiwa chumbani wifi yangu, watoto wote watatu na mimi, kitindamimba akiwa ameushika mguu wa baba yake juu ya shuka. Tulimsikia mwenyekiti wa sasa akisoma ajenda ya kwanza, tukasikia kura, hakuna rufaa, mabati yaondolewe, eneo la bomba libaki la wananchi, na vigelegele vya sokoni vikatufikia mara mbili, kupitia spika na kupitia dirisha. Sisi tukakumbatiana, tukadhani yamekwisha, lakini yeye akatunyooshea kidole tunyamaze, akaendelea kusikiliza ajenda za mifereji na taa za barabarani kana kwamba ndizo zilizomweka hai, mpaka mwenyekiti akatamka mengineyo.

Tukausubiri ule mlio wa swichi. Tukasikia mtu anakohoa, tukasikia kiti kinavutwa, diwani mmoja akaomba dirisha lifungwe kwa sababu ya vumbi, mwingine akalalamika kwamba chai imepoa, na soko zima likacheka. Kaka yangu alifumba macho, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, akasema, "Hawajazima." Kisha akamgeukia binti yake akamuuliza kama siku ile ya harusi viti vilitosha, binti akasema vilitosha, Baba, na vingine vikabaki.

Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka 73, ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na redio nyingi za watu ambazo wenyewe tunawaomba mje kuzichukua. Moyo wake ulikuwa mbovu kwa muda mrefu, lakini siku zile za mwisho aliulalia vizuri, na sisi tuliomlinda tukalala pia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mji waliomhudumia na kutuambia ukweli hata usipopendeza, majirani waliotuachia milango yao wazi, mafundi wenzake wa baraza ya soko, Mama Nyanya na akina mama wa bomba waliomletea mboga hata miaka ambayo hawakuwa wakimsemesha, na halmashauri, ambayo leo hatuna kinyongo nayo. Hatuwezi kumshukuru kila mmoja kwa jina, kwa hiyo tunaomba mpokee asante hii kwa pamoja.

Mengineyo, hakuna. Lala salama, kaka, hatujazima.