Matanga ya Mama wa Kasulu

KURUTHUMU: Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?

MWATUMU: (ananong'ona) Mimi mke mwenzio. Wa Kibondo.

KURUTHUMU: Dada Mwatumu! Shikamoo. Mbona unanong'ona, uko msikitini?

MWATUMU: Marahaba. Niko jikoni, nyuma ya gunia la mkaa. Mdogo wangu, umekaa?

KURUTHUMU: Nimekaa kwenye cherehani. Baba watoto kafanya nini tena?

MWATUMU: Nurudini hana kosa leo, yuko Kakonko na mizigo yake. Ni wewe. Umekufa.

KURUTHUMU: Haloo? Mtandao unakwaruza. Nani kafa?

MWATUMU: Wewe! Jana. Sebuleni kwangu kumejaa wazazi wa darasa la pili na mwalimu wao, wamekuja kukulilia. Wameleta maharage debe zima, na sukari—

KURUTHUMU: Subhanallah! Nani kawaambia—

MWATUMU: Shadia.

(Mtandao unakwaruza.)

KURUTHUMU: Shadia wangu? Niliyemzaa mwenyewe?

MWATUMU: Shadia wetu, usianze. Si tulisema Jumamosi twende wote wawili kwenye kikao cha wazazi? Basi wenzake waliposikia wamemcheka. Eti ana mama wa spea, kama tairi la gari la baba yake. Wa Kibondo na wa Kasulu, wa kweli yupi? Kachoka, kawaambia mmoja amefariki.

KURUTHUMU: Na katika wawili kaniua mimi.

MWATUMU: Mimi ndiye ninayemsuka, angesukwa na nani?

KURUTHUMU: Miezi tisa, dada! Miezi tisa tumboni, halafu— Nimekufa kwa nini?

MWATUMU: Mamba.

KURUTHUMU: Mamba? Kasulu mjini?

MWATUMU: Mwalimu Elisante ni mtu wa Moshi, kahamia huku Januari. Atajuaje mamba wanaishi wapi?

KURUTHUMU: Na hao wazazi? Wao si wa hapohapo?

MWATUMU: Mwalimu analia kwa sauti kubwa, nani atathubutu kumuuliza habari za mamba?

KURUTHUMU: Toka uwaambie ukweli!

MWATUMU: Nikisema kadanganya, watamcheka mpaka la saba. Jumamosi usije, mdogo wangu. Baki hukohuko, uwe marehemu kidogo.

KURUTHUMU: Marehemu kidogo! Nimeshatushonea magauni ya kikao, lako na langu, kitambaa kimoja! (anavuta makamasi) Inaniuma, dada. Najua unanilelea vizuri, lakini inaniuma.

MWATUMU: Najua. Hata mimi, walipoanza kukulilia, nikajikuta nalia kweli. Nimewashinda wote. Wakabaki kutazamana, mke mwenza gani analia hivi?

KURUTHUMU: Ulilia?

MWATUMU: Mpaka wakanimwagia maji.

KURUTHUMU: (anacheka huku analia) Wewe dada wewe!

MWATUMU: Ngoja, huyu hapa mlangoni. Shadia! Njoo uongee na marehemu.

SHADIA: Shikamoo, mama.

KURUTHUMU: Marahaba. Kwa nini mimi, mwanangu?

SHADIA: Wewe uko mbali. Nilijua hutasikia.

KURUTHUMU: Nimesikia.

SHADIA: Mama... Mwalimu amesema nisilie, nitakuona siku moja mbinguni. Mimi nataka kukuona Jumamosi.

KURUTHUMU: Si watakucheka tena?

SHADIA: (anafikiri) Mama mkubwa, nibonyeze wapi wasikie wote?

MWATUMU: Hapo pa spika... Wee, unaenda wapi? Shadia! Huko kuna watu!

SHADIA: (kwa sauti) Mwalimu! Mama hajaliwa na mamba! Nilidanganya! Mama zangu wako wawili, na wote wazima, na Jumamosi wanakuja wote! Mama, wasalimie!

KURUTHUMU: Eee... hamjambo? Asanteni kwa maharage.

(Mayowe. Viti vinaanguka.)

MWATUMU: Yewe! Mwalimu kapita dirishani! Kaacha kiatu!

KURUTHUMU: Dada! Jumamosi nakuja na basi la kwanza!

MWATUMU: Uje na gauni langu!

SHADIA: Mama, mwalimu akirudia kiatu nimwambie nini?

KURUTHUMU: Mwambie marehemu kasema atakaa kiti cha mbe—

(Tuu. Tuu. Tuu.)

MWATUMU: Salio limeisha. Shadia, mkimbilie mwalimu na kiatu chake. Na hayo maharage mtu asiyaguse, mwenyewe atayala Jumamosi.