Bi. Bathsheba Mokeira Anastaafu, Wakurugenzi Hawajajibu

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Bathsheba Mokeira, Katibu wa Chama chetu cha Wenye Akaunti, atastaafu tarehe 31 Oktoba mwaka huu.

Alizaliwa Gesima katika familia ya wakulima wa chai, akafundisha shule ya msingi kabla ya kujiunga nasi. Kazi yake ilikuwa kuwasemea wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kisii na Nyamira mbele ya benki iliyohifadhi akiba zao. Aliifanya bila kuinua sauti na bila kupunguza neno.

Wanachama wa zamani wanaukumbuka utaratibu wake wa mkutano mkuu wa mwaka. Chai na mkate havikutolewa kabla ya wakubwa wa benki kujibu maswali, tena wakiwa wamesimama. Mwaka mmoja mkurugenzi mkuu, Bw. Fred Omwenga, aliagiza soda zigawiwe mapema. Bi. Mokeira aliufunga mlango wa jiko, akarudi mahali pake, akaukalia ufunguo. Ukumbi mzima ulicheka, na mkurugenzi akajibu.

Kisha benki iliporomoka, kwa sababu wakubwa wake walijikopesha wao kwa wao mikopo ambayo hawakuilipa. Serikali iliiokoa kwa fedha za umma. Akiba zetu zilirudi, nasi tukashukuru. Bi. Mokeira ndiye aliyetukumbusha kwamba fedha hizo pia zilikuwa zetu, zilizokatwa kama kodi katika sabuni, mafuta ya taa na muda wa simu. Bw. Omwenga na wenzake waliondoka na kiinua mgongo kamili. Tangu hapo Bi. Mokeira alitaka jambo moja tu: wasimame mahakamani wajibu.

Alitafuta mawakili. Alizunguka soko la Nyamache, akapanda kilima cha Nyanchwa kwa miguu, akiwasihi watu watoe ushahidi. Shahidi aliyetegemewa zaidi alikuwa Bw. Haron Onyancha, mfanyabiashara wa ndizi wa Nyamache, ambaye jina lake lilitumiwa kuchukulia mkopo asioujua.

Wiki moja kabla ya kesi, kanisa la Wasabato la Bw. Onyancha lilifanya harambee ya kuezeka paa, siku ya Jumapili, Sabato ikiwa imepita. Mgeni wa heshima alikuwa Bw. Omwenga, na mabati yote aliyatoa yeye. Bw. Onyancha, akiwa mzee wa kanisa, ndiye aliyemkaribisha kiti cha mbele na kumwombea makofi.

Kesho yake Bi. Mokeira alimwendea sokoni. Alijibiwa mbele ya wanunuzi: “Omong'ina, mama yetu, umechelewa. Jana nimemshika mkono huyu mtu, nimekula naye kuku. Leo nimwite mwizi? Kanisa litanitazamaje?” Mwuzaji jirani akadakia: “Mabati tunayaona, Mama. Hiyo haki yako iko wapi tuiguse?” Watu wakacheka. Bi. Mokeira alimweleza Bw. Onyancha kwamba mabati hayo yalinunuliwa kwa fedha zake yeye Onyancha mwenyewe. Hakukanusha. Aliendelea kupanga ndizi.

Mashahidi wengine walijitoa mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa Agosti kesi ilitupwa kwa kukosa ushahidi. Bw. Omwenga sasa anaongoza bodi ya shirika lingine la akiba, na baadhi ya wanachama wetu wamekwisha kufungua akaunti humo.

Ingependeza kuandika kwamba Bi. Mokeira anatuachia ushindi, lakini sifa za uongo hazimfai. Muda wa kukata rufani unakwisha siku hiyohiyo anayostaafu. Amewaomba wajumbe wa kamati yetu watie saini hati ya rufani. Kila mmoja amemwambia aanze mwenzake. Wanaoomba nafasi yake wameuliza kuhusu mshahara na likizo. Hakuna aliyeuliza kuhusu rufani.

Bi. Mokeira, tunakushukuru kwa kutudai ujasiri ambao hatukuwa nao. Mungu akupe afya njema na miaka mingi ya utulivu huko Gesima. Rufani hatutaikata.