Nusu ya Keki

KITINDA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mimi, dada yako. Yangu imezima, hii simu ya fundi mwenzangu hapa kiwandani.

KITINDA: Marahaba— ai, shikamoo, Dada. Hata akili imechoka.

DADA: Marahaba, kitinda mimba wetu. Mama amekula?

KITINDA: Tuko mgahawa wa nne.

DADA: Nimeuliza, amekula?

KITINDA: Ameonja.

DADA: Kuonja siyo kula! Daktari alisema—

KITINDA: Alisema nami nipo! Asipokula leo, kesho wanamlaza, wanampitishia mpira puani. Unadhani nimesahau?

DADA: Haloo? Unakatika—

KITINDA: Nasema miguu inawaka moto! Hili jengo la maduka walivyolikarabati, hulijui tena. Palipokuwa na duka la viatu pana bwawa la samaki, na watu wanapiga picha. Nikasema labda vitu vipya vitamtia hamu. Wapi! Supu kaisukuma. Aiskrimu ya rangi tatu imeyeyuka anaitazama tu. "Kula wewe, mwanangu."

DADA: Na sasa?

KITINDA: Keki ya chokoleti na pudini, kila mtu na vyake. Nimesogea pembeni asinisikie.

DADA: Mbembeleze.

KITINDA: Nimebembeleza mpaka sauti imekauka. Nimechoka, Dada. Na naogopa.

DADA: [Mashine za kushona zinavuma] Hata mimi. Leo nimeshona mkono wa shati kwenye shingo, msimamizi kaniambia niufumu—

KITINDA: Ngoja, ngoja.

DADA: Nini?

KITINDA: Keki yangu. Niliila nusu, nikaiacha nije kupokea simu. Ameivuta.

DADA: Nani?

KITINDA: Mama! Anakula! Yake nzima iko palepale, hajaigusa. Anakwangua hadi krimu ya pembeni.

DADA: Nusu uliyobakisha wewe...

KITINDA: Dada? Upo?

DADA: Nipo. Sisi wajinga, Kitinda. Umewahi kumwona Mama na sahani yake?

KITINDA: Si huwa anakula... jikoni.

DADA: Anakula nini?

KITINDA: Tulichobakisha.

DADA: Sisi tukishashiba. Tangu augue tunampakulia yeye kwanza, halafu tunamkodolea macho. Atamezaje?

KITINDA: [Anapenga kamasi] Amemaliza. Anaiangalia pudini yangu.

DADA: Basi rudi mezani ukale! Nusu tu, kisha uisukume.

KITINDA: Tumbo limejaa! Yote aliyokataa nimeyala mi—

DADA: Kula, nakwambia!

KITINDA: [Anatafuna] Hmm. Nakula. Mama anauliza, wewe umekula?

DADA: Tangu asubuhi ni maji tu.

KITINDA: Nimwambie?

DADA: Thubutu! Sikiliza, salio la watu linaisha. Agiza keki nyingine. Pitisha kijiko kidogo, halafu mpe. Mwambie ni ya kwangu, mwambie nime—

KITINDA: Haloo? Dada? Haloo?

[Simu imekatika]

KITINDA: Ni Dada, Mama. Anakusalimia. Anasema ameshiba kabisa, kaagiza keki ikamshinda. Inakuja sasa hivi.