Mshumaa wa Libânio Miguuni pa Cabral

Bibiana Semedo Tavares, mama yetu tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 huko Chão Bom, Tarrafal, kisiwani Santiago. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Inocêncio Semedo na Bi Valentina. Njaa ya mwaka 1947 iliwachukua wazazi wote wawili, akalelewa na shangazi yake, Bi Eufémia. Masomo yake yalikuwa mafupi. Alikaa kwa masista miaka miwili, akatoka anajua kusoma, kuandika jina lake na kubishana.

Tarehe 17 Septemba 1960 alifunga ndoa na Libânio Tavares, mwashi wa hapo hapo Tarrafal. Mwaka 1963 Libânio aliaga watu kwamba anakwenda Lisbon kutafuta kazi. Mke wake peke yake ndiye aliyejua kuwa anakwenda Guinea, kupigania uhuru chini ya Cabral, kiongozi wa ukombozi wetu. Mimi, Zulmira, binti yao wa pekee, nilizaliwa baba ameshaondoka. Salamu zake za mwisho zililetwa na baharia: alikuwa mzima, na alitaka kujua mtoto amefanana na nani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1975, Mama alinivalisha gauni la buluu tukaenda Praia kuwapokea wapiganaji. Walishuka, wakakumbatiwa na watu wao, wakaisha. Mpiganaji mmoja, mwenzake Baba, alikuja akatuambia kwamba Libânio aliangukia kando ya mto, akazikwa palepale, mahali ambapo yeye mwenyewe asingepatambua tena. Mama alimshukuru, akampa maji ya kunywa. Lakini hakuvaa nyeusi, wala hakukubali misa isomwe. Alisema mtu hazikwi kwa maneno.

Tulihamia Praia, akawa mpishi wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Watoto waliodai wameshiba ndio aliowaongezea kachupa, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharage. Seremala mmoja, mtu mzima na heshima zake, alimposa mara mbili. Mara ya pili Mama alimkaribisha kahawa, akamwambia, "Kaa, ndugu yangu. Ila Libânio akiingia, wewe ndiye utakayemweleza." Seremala hakuimaliza ile kahawa.

Kila Siku ya Marehemu, mwezi Novemba, Mama aliwawashia mishumaa wazazi wake na shangazi yake. Mumewe hakumwashia.

Sanamu ya Cabral iliposimamishwa Praia, hakwenda kwenye sherehe. Alisubiri Novemba ifike, ndipo akaniambia nimsindikize. Alisimama akimtazama yule mtu mrefu muda mrefu, kisha akapiga magoti kwa taabu, akawasha mshumaa miguuni pake. Mlinzi alikuja akamwambia kwa upole kwamba pale si makaburini.

"Najua, mwanangu," Mama akamjibu. "Mume wangu alimfuata huyu, na sikurudishiwa. Nimechoka kungoja mlangoni. Mshumaa wake nauacha kwa aliyeondoka naye."

Mlinzi alivua kofia. Upepo ulipouzima, yeye ndiye aliyeuwasha tena. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilimsikia Mama akimlilia baba yangu. Kuanzia hapo alikwenda kila mwaka, na wajane wengine wawili wakaanza kufuatana naye.

Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na moyo. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha miguu ikavimba na safari za kwenye sanamu zikaisha. Siku chache kabla ya kututoka aliniita kitandani. "Zulmira, jiwe langu liwe pana. Mtuandike wawili." Nilipomwuliza kama amekubali sasa kwamba Baba hayupo, alisema, "Nimekubali. Ila kumtamani sijaacha."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 21 Februari 2023, asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Ameacha binti mmoja, wajukuu watatu, Edmilson, Jandira, na Nilton aliyeko Rotterdam, vitukuu wanne, na watoto wengi wa watu aliowalisha.

Jiwe liko tayari, na ni pana. Mungu awapumzishe kwa amani, Bibiana na Libânio.